Nywele za Jawaher na Maji ya Bwawa

Jumamosi asubuhi mlangoni mwa nyumba moja ya wageni, nje kidogo ya Chake Chake, hukaa mlinzi ambaye kazi yake ni kuwazuia wanaume. Nyuma ya ukuta, Ummkulthum Haroub huwafundisha wanawake kuogelea.

Ana umri wa miaka thelathini na minne, anaishi Madungu na siku za kazi anasomesha hisabati katika skuli ya msingi. Amezaliwa Micheweni. Mama yake alilima mwani, akishinda ndani ya maji, na hakujua kuogelea. Siku moja maji yalimzidi, wenzake wakamvuta kwa kamba zile zile walizofungia mwani. Aliokoka, lakini binti aliyekuwa akitazama kutoka ufukweni hakulisahau jambo hilo.

Mwenye nyumba hiyo ya wageni alimpa bwawa lake kila Jumamosi kwa sharti: wanawake wakipungua, asubuhi hiyo inarudi kwa wageni. Mwaka jana, Ramadhani ilipomalizika, wakaanza kupungua. Walioulizwa walisingizia mafua, wengine wageni nyumbani. Sababu yenyewe aliileta Bi Zuweina, mama wa mwanafunzi aitwaye Jawaher, ikiwa ndani ya kipande cha gazeti.

"Fungua," akamwambia Ummkulthum.

"Mna nini humu, Bi?"

"Nywele za mwanangu. Za kitana cha jana tu. Aolewa mwezi wa Mfunguo Tatu, wataka nimtoe ukumbini na kipara?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa majini alicheka.

"Cheka," Bi Zuweina akamwambia. "Zako zaja."

Ummkulthum hakubishana. Aliomba ruhusa ya kufuatana na Jawaher nyumbani baada ya somo, aone anachofanya.

Jawaher alivua mtandio. Nywele zilikuwa zimefungwa fundo, bado mbichi, kama zilivyotoka bwawani. Hakwenda bafuni. Alitia makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akainama na kuzitandaza nywele juu ya moshi.

"Kabla hujaosha?"

"Naosha Ijumaa, Bi. Huu wa kuondoa harufu. Nikipita kwa watu wasema nanuka dawa ya choo."

"Halafu?"

"Halafu napaka mafuta ya nazi. Sote twafanya hivi."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Klorini inayoua vijidudu bwawani huukausha unywele, na isiposuuzwa huendelea kukaa humo. Moshi wa udi ulificha harufu, klorini ikabaki. Joto la makaa likakausha kilichokwisha kukauka. Mafuta yaliyopakwa mwishoni yalizing'arisha nywele tu, juu ya uchafu ule ule, na fundo bichi chini ya mtandio likamalizia kazi.

Bi Zuweina alisikiliza maelezo hayo ya Ummkulthum mpaka mwisho.

"Basi asiende tena, yakaisha."

"Zilizokatika hazirudi, Bi, hata asipokwenda. Ncha lazima zikatwe."

"Mkasi? Kwa bi harusi?"

"Nipe hadi Mfunguo Pili, mwezi mmoja kabla ya harusi. Zikizidi kukatika, mie mwenyewe nitamwambia mwenye bwawa darasa limekwisha."

"Nshasikia," akasema Bi Zuweina, na hilo halikuwa ndiyo wala hapana.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi walikuta ndoo za maji safi kando ya ukuta. Muda wa kuogelea ulikuwa umepunguzwa ili upatikane wa kuosha nywele, jambo lililowaudhi wengi. Kwanza kila mmoja alirowesha nywele kwa maji ya ndoo, kwa kuwa unywele ulioshiba maji safi hauna nafasi kubwa ya kunywa ya bwawa. Kisha mafuta ya nazi kidogo, nywele zikasukwa, kofia ya mpira juu yake. Walipotoka walisuuza papo hapo, wakaosha kwa shampuu isiyo kali au, kwa waliotaka, majani ya mkunazi yaliyotwangwa mpaka yakatoa povu.

Kauthar, yule aliyecheka siku ile, alilinusa povu akarudi nyuma. Kisiwani mkunazi huoshewa pia maiti.

"Bi Ummkulthum, watuosha tukazikwe?"

"Maiti halalamiki. Inama."

Udi hakuukataza. Alisema usubiri nywele zikauke, na ufukize nguo badala ya kichwa.

Mfunguo Pili Bi Zuweina alirudi na kipande kingine cha gazeti. Ummkulthum alifuta mikono kwanza, ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na kifundo cha nywele kisichozidi kokwa ya kunazi.

"Za wiki nzima," alisema Bi Zuweina. Hakutabasamu. "Huo mkasi, wakata kiasi gani?"

"Zilizoharibika tu, zibaki za kufika mabegani."

"Nitashika kitana mwenyewe."

Jawaher aliolewa nywele zikimfika mabegani. Shangazi mmoja aliuliza zile ndefu zimekwenda wapi, Bi Zuweina akamwambia ale pilau. Baada ya fungate bibi harusi alirudi bwawani na mawifi zake, na wale wenye mafua na wageni wakarudi mmoja mmoja. Mwenye nyumba hajaitaka tena Jumamosi yake.

Siku hizi Bi Zuweina hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ndoo, kopo mkononi, na hakuna anayempita na kichwa kikavu. Ummkulthum amemwomba mara kadhaa aingie majini walau mpaka kiunoni.

"Mie kuogelea sitaki," humjibu. "Nimekuja kuangalia nywele."