Siku Tatu za Ngolo

Theresia wa Mapera alipanga kazi zake kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni, na aliitii kuliko alivyomtii padre mwenyewe. Machi ile aliandika kwa penseli: Jumatatu hadi Jumatano, ngolo. Alhamisi, Liuli kwa Hilda. Ijumaa saa sita mchana meli ya ziwani ingemchukua Hilda, mdogo wake wa pekee, aanze safari ya kwenda kwa mwanawe Mbeya, akaishi huko moja kwa moja. Kwa umri wao, na macho ya Hilda yalivyofifia, huenda wasionane tena.

"Njoo tulale usiku mmoja tu tukizungumza, dada," Hilda alimwambia kwenye simu. "Nitakupikia samaki, mbasa."

Mteremko uliobaki kulimwa ngolo, yale mashimo ya kuhifadhi maji, ulikuwa wa siku tatu. Miaka thelathini ulikuwa wa siku tatu. Jirani yake Dunstan alipotaka kumsaidia, alimfukuza. "Nenda kwako, mwanangu. Mimi nimeanza kulima ngolo hujazaliwa."

Jumatano jioni alisimama juu ya mteremko, akatazama chini. Nusu tu imelimwa! Alikasirika, akalaumu jembe, akalaumu goti, akalaumu mvua ya Jumanne. Kumbe hesabu ilikosewa kwingine kabisa. Siku tatu zile zilikuwa za watu wawili: Bernadi, mumewe, alikuwa akitangulia kufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, yeye akifuata nyuma akizifukia kwa udongo aliochimba katikati hadi mashimo yakajipanga mteremko mzima. Na Bernadi walimzika Oktoba. Theresia alikuwa amempangia kazi marehemu bila kujua. Aliketi kwenye nyasi akalia, maana hata siku ya mazishi hakujiona mpweke namna ile.

Angeweza kuliacha jembe palepale. Lakini mvua zilikaribia kukatika, na maharage yakikosa unyevu hayaoti. Akampigia Hilda.

"Nakuja Ijumaa yenyewe. Kwani meli yenu hiyo lini imewahi kufika kwa wakati?"

Wakacheka wote wawili.

Alhamisi alilima hadi giza, na bado hakumaliza. Ijumaa alipanda gari la kwanza, akafika Liuli saa nane mchana, udongo wa Mapera ungali kwenye kucha. Ufukweni wanawake walikuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani. Aliwauliza habari za meli. Imekuja saa tano na nusu, walisema, na saa sita kamili ikaondoka. Wenyewe walikuwa bado wanaishangaa.

Aurelia, jirani wa Hilda, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Amekungoja sana." Akamletea sufuria. "Jana alipika chakula cha wawili, akisema huenda ukabadili nia, hakukigusa. Leo asubuhi akakipasha moto, akala kidogo, akasema cha dada kisiguswe."

Theresia alikula pale kizingitini, peke yake, mbasa wa baridi, akamaliza chakula chote. Alipiga simu mara nne. Hilda hakupatikana, huko ziwani hakuna mtandao.

Jumatatu alirudi shambani. Ile theluthi iliyobaki ilikuwa palepale alipoiacha, haikwenda popote, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Akachukua fyekeo, akaanza na kazi ya Bernadi.