Mananasi ya Ami Chini ya Kaniki

Juzi mjukuu wangu alinijia hapa Makadara amebeba mmea ndani ya kopo la plastiki. Akauweka mezani, karibu na sahani yangu ya mahamri, akasema, "Nyanya, nimekuletea zawadi." Nilipoinua macho nikauona, nililirudisha hamri sahanini. Majani magumu kama ya nanasi, yana milia ya fedha kama yaliyonyunyiziwa unga, yamejipanga duara, na katikati yameacha shimo la kukaa maji.

"Umelipata wapi hilo?"

Akacheka. "Mbona unaliogopa kama nyoka? Ni la kununua tu, Nyanya. Kuna mtu anauza mimea kando ya barabara."

La kununua tu! Mimi mara ya mwisho kuliona nilikuwa mtoto wa miaka minane, na nyumba nzima ilikuwa inalia.

Skuli sikuiona mimi. Nilisoma chuo cha Kurani, kwa mwalimu mwenye bakora ndefu kuliko subira yake, nikahitimu, nikaolewa. Herufi hizi nilifundishwa na wanangu nikiwa mtu mzima, kwa hiyo ukiona nimekosea, ruka uendelee. Lakini kukumbuka sikosei. Nyumba yetu ya Kibokoni hata ukinifunga macho leo nitakuelekeza: hapa daka la kuingilia, hapa ngazi, pale jikoni, na huko mwisho wa ua, pasipofika jua, kisima.

Siku zile reli ya bara ilikuwa bado ni kitu cha watu kwenda kutazama, na mabwana wakubwa walipita mjini wamekaa kwenye vigari vya kusukumwa na watu. Sisi wanawake hayo tuliyasikia tu. Dunia yetu ilikuwa ua. Asubuhi mlio wa mbuzi ya kukunia nazi, harufu ya mbaazi, mama anafoka jikoni. Alasiri kahawa ya nyanya, chungu kama dawa, na majirani wanaingia kwa mlango wa nyuma na leso zao kichwani kuja kutazama mananasi ya ami.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa baharia wa meli za moshi. Wenziwe walileta sahani na vitambaa, yeye alileta mimea. Wa kwanza aliutoa Bombay, umefungwa ndani ya mkebe wa biskuti. Nyanya akaugeuza huku na huku akauliza, "Nanasi lake li wapi?"

"Hauzai nanasi, mama. Ni pambo."

"Nimezaa mtoto hana akili," nyanya akasema. "Amevuka bahari kuniletea majani."

Alisema vile, lakini tangu siku ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa. Kila safari ami alileta jingine, nasi tukayaita mananasi yake. Yako yaliyokuwa na tumbo la zambarau, yako ya michirizi ya manjano, yako mekundu moyoni kama mdomo uliotafuna tambuu. Vitoto vilipochipuka ubavuni mwa mama yao, nyanya alivikata kwa kisu kidogo, akaviacha kivulini siku mbili jeraha likauke, kisha akavipanda kwenye makumbi ya nazi na vipande vya makaa. Udongo hakutia. Maji alitia katikati ya majani tu. "Hawa hunywa kwa mdomo," aliniambia, "hawanywi kwa miguu." Vyungu vilivyovunjika, madebe ya mafuta ya taa, bakuli za Kichina zenye ufa, vyote vilipata mpangaji. Alivipanga kwenye ngazi ya kupandia darini, rangi kwa rangi, na siku ya Idi ua wetu ulijaa wanawake kuliko nyumba yenye harusi.

Kasoro ilikuwa moja. Hayakuchanua. Miaka mingapi, hata moja halikutoa ua. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, hakuacha kulitaja. "Bi mkubwa, wanawali wako wanapendeza, lakini mbona hawapati bwana?"

"Wanachagua," nyanya akajibu. "Si kama wewe uliyemchukua wa kwanza aliyebisha hodi."

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la milia ya fedha. Ami mwenyewe aliliweka kwenye balasi, mtungi mkubwa mkuukuu, akaliegesha peke yake kisimani, kwa sababu alisema linapenda ubaridi. Mimi sikupenda kufika kule. Nyanya alikuwa na neno lake, "Usikiambie kisima jina lako," na neno hilo lilinitosha nisikisogelee. Ukikaa kimya ulisikia tone, halafu hakuna, halafu tone, kama mtu anayehesabu na kusahau.

Siku ami alipokuwa akiondoka safari yake ya mwisho, nilikuwa nimeshika ncha ya kanzu yake. Alimwambia nyanya kwa utani, "Mama, ua la hili ni rangi ya waridi, nimeliona kwao. Siku likichanua, jua niko njiani narudi, na sitaondoka tena." Akamtazama mkewe, aliyekuwa bado bi harusi, akakohoa kile kikohozi chake cha tumbaku, mara mbili fupi na moja ndefu, akatoka.

Meli ilirudi bila yeye. Wenziwe walisema alishuka bandari ya mbali kumtafuta mganga wa homa, na meli ilipong'oa nanga hakuwa amerudi. Hakuna aliyemwona maiti. Hakuna aliyemwona hai.

Nyanya alikataa matanga. Miaka ikapita, mke wa ami akakaa kwetu si mjane si mke, akinisuka nywele na kunifundisha kushona kofia. Hata siku moja kadhi akaamua kwamba muda umetimia, mtu huyo ahesabiwe amekufa, na mkewe akae eda. Kulikuwa na mtu mwema, mwenye duka la nguo, aliyekuwa amekwisha peleka salamu kwamba eda ikimalizika ataleta posa. Mke wa ami alinambia mimi, mtoto, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. Alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayeiba.

Basi eda ikaingia. Miezi minne na siku kumi, mke wa ami chumba cha ndani, nguo nyeupe, hana wanja, hana manukato, hana asumini. Wazee wa kike wakasema pia, nyumba yenye mjane haikai na mapambo ya rangi ua mzima, mananasi yafunikwe. Nyanya aliyapitia kwa macho, chungu kwa chungu. Mwisho akasema, "Funikeni. Lakini mnayafunika hai, mtayafunua hai." Tukatundika kaniki nyeusi juu ya kamba, ngazi yote ikawa kama hema, na lile la kisimani likafunikwa kaniki yake peke yake. Limesimama pale, urefu wa mtu aliyechutama. Nakwambia, ukipita ghafla ulitaka kulisalimia.

Kazi nilizopewa mimi zilikuwa mbili. Kutia maji, na kila Alhamisi alasiri kufukiza ubani. Nilibeba chetezo cha udongo chenye makaa, nianze mlangoni, nizunguke pembe zote za ua, nimalizie kisimani, huku nikisoma nilichofundishwa chuoni.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sikumwambia mtu mpaka leo. Kisimani sikufika, si kwa maji wala kwa ubani. Hata Alhamisi moja. Nilifika kwenye ngazi, nikapenya chini ya hema la kaniki na chetezo changu, nikachutama katikati ya mananasi mpaka ubani ukaisha, kisha nikatoka macho mekundu, nikasema, "Nimezunguka."

"Na kisimani?"

"Na kisimani, Nyanya."

Kule ndani kulikuwa na giza la buluu na moshi umesimama. Maji ndani ya majani yaling'aa kama macho, macho mengi madogo yote yananitazama. Na Alhamisi moja, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, nimechutama hivyo, nikasikia kikohozi upande wa kisima. Mara mbili fupi. Moja ndefu. Nikachungulia. Nyanya alikuwa juu ya mswala wake barazani, mbele ya macho yangu. Mama yuko jikoni namsikia. Mke wa ami yuko ndani. Baba hayupo. Na chini ya ile kaniki ya kisimani, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikajiambia ni upepo umeusukuma kutoka kwangu. Upepo gani, kwenye ua wenye kuta nne? Lakini nilikuwa mtoto, nikaliamini lililonifaa.

Eda ikaisha. Majirani wakaja na visheti na marashi ya haliudi, mke wa ami akaogeshwa, akavishwa leso mpya. Nyanya akaniambia, "Haya, wafunue wenzio." Nikavuta kamba, kaniki zikaanguka.

Yalikuwa yamechanua. Yote. Manjano, mekundu, zambarau, kila moja limesimamisha ua lake juu kama mwenge. Yule jirani wa ulimi wa pilipili ndiye aliyekwenda kisimani, maana hakuwa na adabu ya kungoja. Akavuta ile kaniki ya mwisho, akarudi nyuma hatua tatu, leso ikamwanguka kichwani asiiokote.

Ua la waridi, kubwa kama kichwa cha mtoto, limejaa vijiua vya buluu. Nayo majani yake ya chini yamekwisha anza kukauka. Lilitangulia kuchanua kuliko mengine yote.

"Mwanangu yu njiani," nyanya akasema. Hakupiga kelele. Akamgeukia mke wa ami, akamshika mikono yote miwili. "Mumeo yu njiani. Ngoja."

"Mama," baba akasema, "kadhi amehukumu. Eda imekwisha."

"Kadhi na alitazame hili ua."

Mke wa ami alitazama chini. Ile leso mpya aliikunja ncha, akaikunjua, akaikunja tena. "Nitangoja, mama," akasema. Sauti yake nilikuwa siijui.

Mimi nilisimama pale na uongo wangu tumboni, na sikujua kwamba ni uongo wenye uzito wowote. Nilidhani kosa langu ni kuogopa kisima tu.

Mwenye duka alingoja mwezi, akangoja wa pili, akaoa kwingine. Nyanya akahamia mlangoni. Kila meli ilipopiga honi bandarini alisema, "Huyo," akatandika mkeka mpya, akatia kahawa vikombe viwili. Maua yalidumu, maua yale hayana haraka, kisha mama zao wakaanza kufa mmoja mmoja, majani yakalainika, yakanuka, vitoto vimesimama pembeni vinatazama. La kisimani, ingawa lilitangulia kuchanua, lilikufa mwisho. Nyanya alilifuata wiki hiyo hiyo, ameketi, uso mlangoni, kahawa bado ina moto.

Ami hakurudi. Mke wake hakuolewa. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka kwa mume, na alikufa mikononi mwangu akiwa kikongwe hana jino. Hata siku moja hakuniambia kwamba alitaka lile duka na yule mtu mwema. Hakuhitaji kuniambia.

Juzi basi mjukuu wangu akaniambia, huku anakula mahamri yangu bila haya, "Yule muuzaji amenifunza, Nyanya. Likikataa kuchanua, unalifunika vizuri na unalifukiza moshi. Moshi ndio unaliamsha. Baada ya wiki kadhaa linatoa ua lenyewe."

Nilishika meza. Miaka sabini na kitu nimeamini ile ilikuwa ishara, kumbe ilikuwa ni mimi, mtoto mwoga na chetezo chake. Nilimtandikia nyanya mkeka wa kungojea kifo. Nilimnyang'anya yule mwanamke harusi yake kwa ubani wa Alhamisi. Nikalia mbele ya mjukuu, naye akadhani nimeugua, akataka kuniita daktari.

Nikiwa nalia ndipo nikakumbuka. La kisimani sikulifukiza. Kati ya ngazi na kisima palikuwa ua mzima, na kaniki yake ilikuwa yake peke yake. Sikulisogelea miezi minne na siku kumi, na ndilo lililochanua kwanza.

Nyumba ile sasa ni ya watu wengine. Ua umepigwa saruji, kisima kimefunikwa zege, na juu ya zege kuna mtu anauza viatu. Ngazi haipo. Wale wanawake waliokuja Idi na leso zao nimewazika mmoja mmoja, hata yule wa ulimi wa pilipili, na sasa hakuna aliyebaki wa kunibishia nikisema vibaya. Harufu ile ya makumbi yaliyolowa na kahawa ya nyanya siipati popote.

Zawadi sikuikataa. Nimeliweka dirishani, peke yake, nalitilia maji mdomoni kila asubuhi. Nimemkataza mjukuu kulifunika, na ubani humu ndani nimeacha kufukiza. Likikaa bila kuchanua mpaka nife, nitajua kwamba yote yalikuwa moshi, na nitamwomba radhi mke wa ami nikimkuta.

Na likichanua lenyewe, nitatia kahawa vikombe viwili, nikae mlangoni.