Fyuzi Iliyobaki Ukutani

Sixbert alikuwa na sharti moja katika karakana yake ya Mjimwema: mtu asiguse mkanda wa meno wa msumeno wa umeme kabla fyuzi haijatoka ukutani na kuingia mfukoni mwake. Alilishika sharti hilo miaka kumi na tisa. Mkewe, Lidwina, kila aliposhika nguo za kufua alikuta fyuzi kwenye mashati, akanung'unika, naye alimjibu, "Heri ukute fyuzi mfukoni kuliko kidole sakafuni."

Ijumaa moja ya Julai, saa sita mchana, umeme ulikatika msumeno ukiwa katikati ya ubao wa mninga. Magurudumu mawili ya mashine yalizunguka yakipungua kasi, yakasimama. Sixbert hakushusha swichi. Mkanda ulikuwa umeshakuwa butu, na mteja wa Namtumbo alikuwa njiani kufuata fremu zake za milango. Akaona muda ule autumie kufunga mkanda mpya.

Aliyemsaidia kazi siku hiyo ni Thadei, kaka yake Lidwina. Jumapili kulikuwa na kipaimara, na Thadei ndiye mpiga kinanda wa parokia. Tangu asubuhi vidole vyake vilikuwa vikipiga wimbo wa komunyo juu ya kila ubao alioushika.

"Shemeji, fyuzi," Thadei alimkumbusha.

"Umeme wenyewe haupo, fyuzi ya nini?"

"Leo umebadili dini?"

Sixbert akacheka. "Umeme ukirudi, redio ya Azizi itatuambia. Ile ikianza, hata aliye kaburini hugeuka ubavu."

Azizi ni kinyozi wa kibanda cha jirani, na ni kweli redio yake ilikuwa ikibwata kila umeme ulipowaka. Lakini nusu saa nyuma Azizi alipita mlangoni amevaa kanzu, akawaambia, "Mafundi, naenda Ijumaa. Niangalizieni kibanda." Wote wawili waliitikia. Hakuna aliyejiuliza kama mtu anayefunga kibanda huacha redio imewashwa.

Waliuvisha mkanda kwenye magurudumu, meno yakitazama chini. Sixbert aliukaza, akaugonga kwa kidole, akasikiliza. Milango ya mashine ilikuwa wazi. Thadei alisukuma gurudumu la juu kwa mkono wa kulia, taratibu, ili waone mkanda unakokimbilia.

"Unakuja mbele," alisema.

Sixbert alizungusha skrubu ya nyuma robo. "Sukuma tena."

"Bado unakuja."

Nje palikuwa kimya. Mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara ilikuwa kimya, na kibanda cha Azizi kilikuwa kimya. Kimya hicho Sixbert alikiamini kuliko alivyowahi kumwamini mtu. Aliinama nyuma ya mashine, akaongeza robo nyingine.

"Hapo hapo, shemeji! Umekaa katikati. Ngoja niuzungushe mara ya mwisho."

Sixbert alisikia mota ikiguna karibu na goti lake. Aliujua mguno ule kabla hajauelewa. Akarukia swichi, akaishusha. Ilikuwa hatua tatu tu, lakini gurudumu halikumngoja. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga nayo ilikuwa ikianza. Redio haikulia.

Thadei alisimama akiutazama mkono wake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, ni vingapi?"

Hospitalini ndugu walimfariji Sixbert kwamba ajali haina kinga. Lidwina peke yake hakusema hivyo. Alinyoosha mkono, akapapasa mfuko wa shati la mumewe, akaukuta mtupu. Na Sixbert hakujitetea, kwa sababu kinga ilikuwepo, ndogo, ya kujaa kiganjani, naye aliiacha ukutani ili kuokoa muda usiofika dakika moja.

Sasa ameirudia desturi yake na fyuzi haikosi mfukoni. Kinanda cha parokia kinapigwa na mtu mwingine. Sharti lilivunjwa mara moja, likagharimu vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Thadei.