Sweta ya Mdoli Asiyekua

Nimefuma sweta za shule hapa Kitale kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na hakuna iliyowahi kunitoa jasho kama sweta ya mdoli wa binti yangu.

Nianze na mdoli mwenyewe, maana alinikera tangu siku ya kwanza. Binti yangu ni mtu mzima, anafanya kazi ya maktaba huko Kibabii, Bungoma, na mvi mbili tatu zimeshamtokea. Mtu kama huyo akikuambia amejinunulia mdoli, unafikiri nini? Tena si mdoli wa kubembeleza. Ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, na kila kiungo chake ni kama gololi iliyoshikwa kwa lastiki ya ndani, kwa hiyo anakunja magoti, anageuza shingo, anakaa kitako akikutazama. Akanipigia simu akiomba nimfumie mdoli huyo sweta. Bungoma! Mahali ambapo hata binadamu hahitaji sweta.

Ningekataa. Lakini tangu aondoke nyumbani binti yangu alikuwa hajaniomba chochote, hata chumvi, na Kitale huja Krismasi tu, anakunywa chai mkoba ukiwa mapajani. Nilitaka, mara hii moja, nimpe kitu akipende. Basi nikamwambia atume vipimo.

Mashine yangu haiwezi kazi ndogo hivyo, nikarudia kufuma kwa mkono. Sindano nyembamba sikuzipata mjini. Nikaenda kwa fundi wa baiskeli nikaomba spoku mbili, nikazinoa kwenye saruji kama tulivyofanya tukiwa wasichana. Uzi nao nikautenganisha, kwa kuwa mzima ungemfanya mdoli aonekane amevaa blanketi. Macho yakauma, shingo ikakakamaa. Kila nikihesabu vitanzi, mteja anaingia kuuliza kama zile za kijani ziko tayari, nasahau nilipofika, naanza upya. Nilimtukana mdoli yule kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikaendelea kwa Kibukusu.

Sweta ilipokwisha nikaituma. Akanirudishia picha: mdoli amezama, mikono haionekani. Kisha akapiga simu.

"Mama, si nilikutumia vipimo?"

"Na si nimevifuata?"

Nilisema uongo bila kujua. Aliporudisha sweta nikaipima, nikaona nimeongeza kidogo kila mahali. Ni mazoea ya mikono. Huku kwetu hakuna mzazi anayenunua sweta ya shule inayomtosha mtoto leo. Mtoto hununuliwa ya kukulia, avae miaka mitatu minne, na fundi anayefuma sawasawa hukosa wateja. Nikafumua, nikafuma, ikatoka kubwa tena. Nikafumua. Ya tatu nikaipeleka Bungoma mwenyewe, nikiwa na hakika kabisa.

Sebuleni kwake kulikuwa na joto la kuchosha. Alifunga viganja vya mdoli kwa kipande cha nailoni ili vidole visinase uzi, akamvisha taratibu, akafunga vifungo vya mgongoni. Halafu akaikunja mikono ya sweta. Mara mbili.

"Huyu hakui, Mama," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakua."

Nikawaka. Nikamwambia utotoni alivaa sweta wakati wenzake wakitetemeka kwa baridi.

"Ni kweli. Lakini hakuna hata moja iliyonitosha. Ikifika kunitosha, viwiko vimeshatoboka."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeijibu, naiweza. Nikakaa pale nikikumbuka sweta zake: zote zilikuwa zile ambazo mashine ilikosea, zilizokataliwa na wenyewe. Watoto wa watu walipanga foleni mlangoni pangu, wakainua mikono, nikawapima mmoja mmoja. Wangu nilimkisia kwa jicho. Wanasema mganga hajigangi. Sawa, lakini mtoto wake je? Niliona aibu, na aibu hiyo ikaniudhi kuliko mdoli.

Nikatoa spoku kwenye mkoba, nikaifumua ile sweta mbele yake. Siku hiyo na kesho yake nilifuma mdoli akiwa amekaa mezani, nikimjaribishia kila baada ya mistari michache. Kila vidole vyangu vilipotaka kuongeza kitanzi nilijiuma mdomo. Nilipomaliza, binti yangu alimvisha, akapitisha kidole kwenye pindo la mkono akitafuta pa kukunja. Hakupata.

"Imemtosha," akasema, akaendelea kulishika lile pindo.

Nikavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Simama nikupime."

"Mimi? Na hili jua la Bungoma, sweta ya nini?"

"Ya kuvaa ukija nyumbani. Kitale kuna baridi."

Akasimama, akainua mikono kama wale watoto wa foleni. Nikapima kifua, nikapima bega, nikapima mkono, nikaandika nyuma ya risiti. Alikuwa akichungulia.

"Mama, mkono umeandika ngapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeongeza inchi mbili.

"Futa," akasema.

Nikafuta, nikampima tena kuanzia begani.