Baridi ya Brazili

Nikisikia mtu akisema mkulima ndiye uti wa mgongo wa taifa, namkumbuka tata Wamucii, dada ya baba, na hasira inanipanda.

Tata alikuwa mjane pale Mukurweini, na tegemeo lake lilikuwa shamba la kahawa. Mwaka wa mvua kupita kiasi, kahawa ilioza ikiwa mbichi mtini. Likaja jua la mwaka wa sabini na nne, ikakauka. Watoto wanalia njaa, na katikati ya miti ile huruhusiwi kupanda hata maharagwe! Kung'oa nako ni kosa, unashtakiwa. Kahawa ni ya taifa, walituambia. Ya taifa! Taifa halikuja kupalilia.

Basi tata akafanya walichofanya wengine kimyakimya. Alichemsha maji kwa sufuria kubwa, akayamwaga kwenye mizizi, mti baada ya mti. Ngatia, bwana shamba wetu, akaja akakuta majani yamenyauka.

"Jua imemaliza yote, mwanangu," tata akamwambia bila kupepesa macho.

"Pole sana, mama. Ng'oa tu, upande chakula."

Akapanda mahindi na maharagwe. Jamani, tulicheka siku hiyo!

Julai ya mwaka uliofuata, jirani yetu Theuri akaja mbio na habari ya redio: huko Brazili baridi imeunguza kahawa.

"Ati baridi?" tata akauliza. "Hata hapa iko baridi."

"Ya huko ni ya kuua, mama. Sasa dunia itatafuta kahawa yetu."

Ikawa kweli. Bei ilipanda hadi watu wakaogopa kuamini. Nchi nzima ikanona. Theuri akaezeka mabati na kununua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Na tata? Tata alikwenda kuchuma kahawa ya Theuri, kibarua. Nilitaka kumfokea mtu, lakini ningemfokea nani? Baridi?

Akang'oa mahindi yake, akapanda miche ya kahawa upya, akaitandazia majani ya migomba. Kahawa haizai leo wala kesho. Miaka ikaenda, maua yakatoka, tata akaanza kuimba shambani. Ilipoiva, Brazili ilikuwa imeshapona, kahawa yake imejaa sokoni. Bei ikaanguka puu! Tata akapata vijisenti, na redioni wakatuambia hazina ya nchi imekauka, tujifunge mkanda.

Jumapili ya shukrani ya mavuno, mchungaji alimwomba Mungu azijalie nchi zote za dunia hali nzuri ya hewa. Kanisa zima likaitikia amina. Tata, aliyekaa kando yangu, alikuwa amefumba macho na kuibana midomo. Nikamgusa kiwiko.

"Aombee hapa," akaninong'oneza. "Huko Brazili aache."