Masizi ya Gari Lisilosafiri

Fundi wangu wa pale Soweto, Mbeya, alifungua pikapu yangu mara ya pili, akanionyesha njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Masizi yalikuwa yameganda humo mpaka tundu limebaki la kupitisha kidole.

"Bibi, haya niliyakwangua kabla ya mavuno," akasema. "Nikakuambia, gari ya dizeli ukiiacha inanguruma imesimama, au ukiizungusha hapa mjini tu, haipati moto wa kutosha. Masizi yanaganda. Ukiipa safari ndefu inajisafisha kiasi."

"Na mimi naipa. Kila mwezi inakwenda Ilula na kurudi."

Akafuta mikono kwa tambara. "Inakwenda na nani?"

"Na mwanangu."

"Basi muulize mwanao. Mimi nasema ninachokiona. Gari hii haijatoka mjini siku nyingi."

Shule sikusoma sana, lakini hapo sikuhitaji kusomewa.

Ilula, mbele ya Iringa, ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa. Miguu yake mibovu, na simu hana. Mgongo uliponikataza safari za mbali, nilimkabidhi kitindamimba wangu, mwanaume mwenye mke na watoto, apeleke kila mwezi kikapu cha mchele wa Chimala kwa mama yake mkubwa. Kwetu kikapu cha ndugu hakirudi kitupu. Kilirudi na nyanya, na salamu juu yake. Nikizishika zile nyanya nilijua dada naye amezishika. Ningeshuku nini?

Nilimwita mwanangu hapo hapo gereji, injini ikiwa wazi.

"Nyanya ulikuwa unazitoa wapi?"

Akayatazama yale masizi. "Mama, hata nyanya za sokoni hapa zinatoka Ilula."

"Sijauliza zinatoka wapi. Nimeuliza wewe ulizitoa wapi."

"Sokoni."

Mchele aliuuza. Siku za safari alikuwa anaegesha stendi, injini inawaka, akisubiri watu wenye mizigo ya kupeleka hapa hapa mjini.

Fundi aliloweka vyuma vya ile njia ya hewa kwenye dawa, akakwangua kwa kijiti na brashi, uchafu ukatoka mweusi kama wa sufuria za msibani. Akafunga. Kesho yake nilipakia mchele, nikakaa mbele mimi mwenyewe na mgongo wangu. Mwanangu akaendesha. Milima yote gari lilipanda bila moshi mpaka Ilula.

Dada alikuwa ameketi kwenye jamvi mlangoni. Hakuninyooshea mkono.

"Kumbe uko hai," akasema. "Mimi nilishajiambia umekufa. Nilikuwa nakuombea kama marehemu, maana aliye hai hawezi kuninyamazia namna hii."

Nikamweleza yote, sikumfichia mwanangu hata kidogo. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hizo salamu zangu alizokuletea, zilikuwa zinasemaje?"

"Kwamba miguu imepona. Kwamba unatembea mwenyewe mpaka kanisani."

Akavuta kitenge juu ya magoti. Miguu ilikuwa imevimba mpaka inang'aa, na kidonda cha kifundoni amekifunga kwa kipande cha gauni kuukuu.

Mwanangu alikuwa bado ndani ya gari, ameshika usukani. Nikamwita aje aione ile miguu.