Nilivyomuua Baba Mkwe Kwenye Mbio za Magari

Jamani, hii habari nimemficha hata mama yangu mzazi, kwa hiyo nikiwasimulia leo naomba mcheke taratibu, maana aibu yake bado inaniwasha masikio.

Mnajua kazi yangu ni kutafsiri filamu, nakaa na maiki kwenye banda la video pale Elerai, wazungu wanaongea ya kwao na mimi naongea juu yao kwa Kiswahili, na kama ilivyo desturi ya kazi yetu kila mwigizaji nampa jina la hapa hapa nyumbani (jambazi wa Marekani kwangu anaitwa Mangi na watu wanalipokea vizuri tu). Sasa Jumapili hiyo baada ya ibada tulikuwa kijijini Akheri kwa akina Neema, binti niliyemposa, mimi na baba yangu mdogo ambaye ndiye mshenga, kusikiliza jibu la posa. Tumekula loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, nimeyasifia maziwa, mambo yanakwenda vizuri kabisa, ndipo Baba Neema akaniuliza, "Kijana, hiyo ya kuongelea sinema ni kazi kweli? Binti yangu atakula nini?"

Ningejibu kwa mdomo yangeisha. Lakini mimi huyo, "Baba, ngoja nikuonyeshe," nikachomeka flashi kwenye televisheni yao. Nikachagua filamu ya madereva wawili wa mbio za magari wanaogombea ubingwa, kwa sababu Baba Neema na kaka yake, Baba Mkubwa, ambaye naye alikuja kwa ajili ya posa, wote ni madereva wastaafu wa malori, nikaona hapo nimewapata. Tatizo sikuwa nimeiangalia (na fundi yeyote atakwambia hutafsiri filamu usiyoijua mwisho). Halafu nikataka kuwapa wazee heshima, dereva mwenye ndevu nikamwita Baba Neema, yule mwembamba nikamwita Baba Mkubwa.

Mwanzo ulikuwa mtamu! "Baba Neema anapangua gia, Baba Mkubwa yuko nyuma anakula vumbi!" Wazee wanacheka, Baba Mkubwa analalamika, "Na huyo wangu muongezee mafuta!", Bibi, mama yao wazee hawa, anapiga vigelegele, na Neema ananitazama mpaka nikavimba kichwa. Mke wa mwenye ndevu alipotokea nikamtambulisha kwa mbwembwe, "Na huyu ndiye mrembo wetu, Mama Neema!" Mama mkwe mwenyewe akajifunika uso kwa kitenge, anacheka.

Mara yule mwembamba akaenda kugonga mlango wa yule mrembo, mwenye nyumba yuko mazoezini, na kwa jinsi mama yule alivyofungua mlango nikajua tumekwisha.

"Baba Mkubwa amekuja... kuazima bomba la kupulizia dawa ya kahawa," nikasema.

Wakashikana mikono. "Anashukuru." Wakakumbatiana. "Sasa wameanza maombi."

"Maombi gani ya kushikana kiuno?" Bibi akauliza. "Mbona mchungaji wetu haombi hivyo?"

Baba Mkubwa wa kweli akaweka kikombe chini. Mama mkwe akakumbuka sufuria jikoni na hakurudi. Baba mdogo akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote, nami ningezima, lakini rimoti ilikuwa kwa Baba Neema na ameishika kama usukani. Kwenye filamu mwenye ndevu akapata habari, akaingia mashindanoni na hasira zake, akagonga ukuta, gari likawaka.

"Baba Neema amesimama kidogo, anapumzika," nikasema.

"Ndani ya moto?"

"Anaota, Baba. Kuna baridi."

Likaja jeneza. Watu wamevaa nguo nyeusi.

"Nimekufa?" Baba Neema akauliza.

"Umefariki kidogo, Baba."

Akazima televisheni. Wazee wawili wakatoka, wakasimama kwenye migomba wakiongea Kimeru. Nilikuwa nampenda Neema, nampenda kweli, na nilikuwa namkosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamnong'oneza, "Nisamehe." "Nyamaza," akasema, "leo umeshaongea vya kutosha."

Waliporudi alianza Baba Mkubwa. "Nimeitwa mwizi wa mke wa mdogo wangu, tena mbele ya mama yangu. Faini yake ni beberu, na awe amenona." Baba mdogo akaitikia haraka kabla sijafungua mdomo. Kisha Baba Neema akanigeukia.

"Barabarani nimedanganywa na matingo wa lori langu, nimedanganywa na mafundi gereji," akasema. "Lakini mtu anayeshindwa kudanganya kama wewe sijawahi kumwona. Bomba la kahawa!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mchukue Neema. Kwako hatafichwa kitu."

Beberu nilimpeleka, na Baba Mkubwa alinikatia nyama mwenyewe. Nimeapa sigusi tena filamu nisiyoijua mwisho, na nikiwa na maiki jina la mkwe silitaji kabisa. Na nyumbani kwetu Kijenge nasema ukweli tu, maana Neema akiniuliza nilikuwa wapi nikasita hata kidogo, ananiuliza kama nilienda kuazima bomba.